Bahari Yataka Mfuko Usioliwa

(Hotuba hii ilitolewa na mwanachama wetu wa reli huko Garsen, mbele ya wafanya kazi, wavuvi na jamaa zao. Twaichapa kama alivyoisema, ili ndugu ambao hawakuwapo wapate kuisoma.)



 Najua wengine wamekwisha kunong'onezana, "Mtu wa reli ana habari gani na bahari? Hapa Garsen hapana reli, wala bahari haionekani." Ni kweli. Reli iko Mombasa na bahari iko Kipini. Lakini kazi ya reli imenifundisha jambo moja, na jambo hilo ndilo naliona limekosekana katika maneno yote yanayosemwa juu ya kutunza mto wetu na bahari yetu. Jambo lenyewe ni hili: kujenga ni fedha ya mara moja, lakini kutunza ni fedha ya kila siku.

Reli ya zamani ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, na mwaka 1901 ikafika Kisumu. Ni miaka mitano tu. Lakini tangu siku ile ilihitaji watu wa kupita juu ya mataruma, wakikaza boliti, wakifyeka majani, wakizibua makalvati kabla ya mvua. Hao ndio watu wa gengi. Siku ya kufungua njia hawapigwi picha. Wanaopigwa picha ni wakubwa wenye mkasi na utepe. Lakini ondoa gengi mwaka mmoja tu, uone. Mimi nimeona kipande cha njia kilichoachwa, miti imeota katikati ya vyuma, imenenepa kuliko paja la mtu. Hakuna aliyeivunja njia ile. Ilikosa mshahara wa mtu mwenye spana.

Basi sasa tutazame kwetu. Mto wetu huanza milima ya Nyandarua na Mlima Kenya, ukateremka karibu kilomita 1,000 mpaka baharini, na ndio mto mrefu kuliko yote ya Kenya. Maji yake huleta udongo wa kulimia mpunga na maembe ya Wapokomo. Yakishuka huacha majani ya ng'ombe wa Waorma wakati wa kiangazi. Hujaza maziwa ambamo twavua kambare. Na yakifika Kipini hukutana na maji ya chumvi, na hapo katika mikoko kamba wachanga hukulia kabla ya kutoka kwenda Ghuba ya Ungwana. Kwa hiyo mtu anayevua kamba baharini na mtu anayechunga ng'ombe hapa Garsen wote wanakula katika sinia moja. Mwaka 2012 Delta hii iliandikwa katika daftari la dunia la maeneo ya majimaji yenye thamani kubwa, lile liitwalo Ramsar, eneo la hekta 163,600. Ni heshima kubwa. Lakini niulize: kuandikwa katika daftari kumemlipa nani mshahara?

Maana vibao tumeviona vingi. Mradi huu wa miaka mitatu, mradi ule wa miaka miwili. Gari jeupe huja, vijana huchaguliwa kuwa walinzi wa mikoko, hupewa fulana na buti, huambiwa wanajitolea kwa ajili ya nchi yao. Mradi ukiisha, gari huondoka, fulana huchakaa, na kibao hubaki kikila kutu. Ndugu zangu, sisi wa chama tunajua jina la mtu anayefanya kazi kila siku bila mshahara. Haitwi mtu wa kujitolea. Anaitwa mfanya kazi asiyelipwa.

Nilipofika Kipini nilimwamkia mzee mmoja mvuvi aliyekuwa akishona wavu, tukazungumza. Nikamweleza kwa furaha kwamba wataalamu wanasema sehemu fulani ya bahari ikiachwa ipumzike, samaki huongezeka. Akaniambia, "Mwanangu, hilo sikulisikia kwa wataalamu, nalijua tangu utoto. Bahari ikipumzika hushiba. Lakini niambie, wakati bahari imelala, wajukuu wangu watalala na nini tumboni?" Sikuwa na jibu. Tangu siku ile nimekuwa nikiuliza na kusoma, na leo nimekuja kuleta jibu kadiri ya nguvu zangu.

Jibu ni mfuko wa amana, yaani mfuko usioliwa. Ndugu zetu Waislamu wa pwani wanalijua jambo hili kuliko mimi, maana ni wakfu. Mtu huweka shamba la minazi wakfu kwa ajili ya msikiti. Tangu siku ile mnazi haukatwi, hauuzwi, haurithiwi. Kinachotumika ni nazi. Imamu hulipwa kwa nazi, paa huezekwa kwa nazi, na minazi husimama. Mfuko wa amana ni hivyo hivyo. Fedha yenyewe ndiyo mnazi, faida yake ndiyo nazi. Wadhamini wanaousimamia si wenye mali. Wao ni walinzi tu.

Natumia hesabu ndogo, nanyi mwenye kalamu afuatane nami. Tuseme tumepata shilingi milioni 100, tukaziweka mahali pa salama zikaleta faida ya 10 kwa mia, yaani milioni 10 kwa mwaka. Je, tule milioni 10 zote? La. Bei ya vitu hupanda. Ikipanda 6 kwa mia, hapana budi milioni 6 zirudi mfukoni ili mnazi usidumae. Zinabaki milioni 4. Ukimlipa mlinzi shilingi 20,000 kwa mwezi, milioni 4 kwa mwaka zinalipa walinzi 16, na hubaki kidogo sana. Petroli ya mashua bado, wavu wa halali wa kumbadilishia mvuvi bado. Nimeleta hesabu hii ili mtu asije akawadanganya. Mfuko mdogo ni kama kipande cha chapati kwa watu kumi. Lakini walinzi hao 16 watalipwa mwaka huu, na mwakani, na siku mtoto aliyezaliwa leo atakapokuwa na ndevu. Hakuna mradi wa gari jeupe unaoweza kusema hivyo.

Sasa, wako watu waliokwisha kufanya jambo hili, nao si matajiri. Ni watu wa visiwa vidogo.

Wa kwanza ni jirani zetu wa Shelisheli. Nchi yao ni visiwa kama 115, watu wake ni karibu laki moja tu, lakini bahari yao ni kubwa kuliko nchi kavu ya Kenya mara mbili na zaidi. Mwaka 2008 walishindwa kulipa madeni yao ya nje. Baadaye wakafanya mapatano, yaliyoanza mwaka 2015 na kutimizwa 2016, na shirika moja la Marekani liitwalo The Nature Conservancy likasaidia. Deni la karibu dola milioni 21.6 walilodaiwa na nchi za Ulaya, zikiwamo Uingereza na Ufaransa, lilinunuliwa. Fedha ya kulinunua ilikuwa mkopo wa dola milioni 15.2 na msaada wa dola milioni 5. Tangu hapo serikali ya Shelisheli haiwalipi wale wadai wa zamani deni hilo. Hulilipa kwa mfuko wa amana wa nchi yao wenyewe, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 2015, uitwao kwa kifupi SeyCCAT. Mfuko hupokea, hulipa sehemu ya mkopo, hutoa sehemu kwa kazi za bahari kila mwaka, na sehemu nyingine huweka akiba isiyoguswa. Mwaka 2018 walikopa dola milioni 15 nyingine kwa hati walizoziita za buluu, na milioni 3 katika hizo zikapitia mfuko huo kwa ajili ya misaada ya kazi za bahari. Nao wakatimiza ahadi: Machi 2020 walitangaza kwamba asilimia 30 ya bahari yao imewekwa chini ya ulinzi.

Msifikiri nasema deni ni kitu kizuri. Deni lililogeuzwa bado ni deni, na wananchi wa Shelisheli ndio wanaolilipa. Tofauti ni kwamba sehemu ya shilingi ile sasa inafanya kazi nyumbani. Kama fundi amekatwa mshahara kwa deni la dukani, ni afadhali kipande kirudi katika akiba ya watoto wake kuliko chote kwenda kwa mwenye duka.

Wa pili ni watu wa Kiribati, katikati ya Bahari ya Pasifiki, na habari yao ni ya kutuonya. Walikuwa na eneo kubwa la visiwa vya Phoenix, zaidi ya kilomita za mraba 400,000. Januari 2015 wakalifunga kabisa kwa meli za uvuvi wa biashara, dunia ikapiga makofi. Wakaweka na mfuko wa amana ili kufidia nchi kwa fedha ya leseni itakayokosekana. Lakini mfuko ule ulikuwa na dola milioni chache tu, na leseni za meli za kigeni zinazovua jodari ndizo tegemeo kubwa la serikali ile. Novemba 2021 serikali ikatangaza kwamba itaifungua bahari ile kwa uvuvi tena. Wengine wamewalaumu. Mimi nashindwa kuwalaumu moja kwa moja. Dunia ilipiga makofi, lakini makofi hayaendi sokoni. Mtu akiombwa kuacha chakula chake kwa faida ya wote, wote walipe. Wasipolipa, atakirudia chakula chake.

Wa tatu ni Palau, nao wako Pasifiki. Wao waliona watalii wanakuja kutazama matumbawe yao, wakasema mtazamaji na alipe. Tangu 2018 kila mgeni hulipa dola 100 ndani ya tikiti ya ndege, na sehemu ya fedha hiyo huenda katika kutunza bahari. Ni akili nzuri. Lakini mwaka 2020 ukaja ugonjwa wa korona, ndege zikalala, wageni wakakatika, na fedha ikakatika nao. Hapo twajifunza kwamba ada ya kila mwaka peke yake haitoshi. Inatakiwa iwepo akiba chini yake, kama vile gari moshi lisivyotegemea breki moja.

Mtasema, "Hizo ni habari za mbali." Basi turudi katika mto wetu. Mwaka 2015 huko juu kwenye chemchemi za Tana ulianzishwa mfuko wa maji wa Tana ya Juu na Nairobi. Maana Nairobi hunywa maji ya mto huu. Bwawa la Ndakaini liko katika mito inayoulisha. Udongo wa mashamba ya milimani ulikuwa ukimomonyoka na kujaza mabwawa. Wakuu wa maji, wa umeme na wa viwanda vya vinywaji wakafanya hesabu wakaona kwamba kumsaidia mkulima kupanda miti, kukata matuta na kuchimba bwawa dogo la mvua ni rahisi kuliko kuchota tope. Wakaweka mfuko wa amana. Ni jambo jema, nami nawapongeza wakulima wa Murang'a na Nyeri.

Lakini, ndugu Mwenyekiti, mto ni kama reli. Huwezi kutengeneza njia kutoka Nairobi mpaka Voi, halafu ukatangaza kwamba treni itafika Mombasa. Mabwawa ya umeme ya mto huu ni matano yanayofuatana: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. La kwanza, Kindaruma, lilianza kazi mwaka 1968, la mwisho, Kiambere, 1988. Miaka yote hiyo taa za Nairobi na Mombasa zimewaka kwa maji yetu. Maji yakizuiliwa juu, mafuriko ya kulisha mashamba hubadilika huku chini. Na maji ya mto yakipungua, maji ya bahari hupanda. Nendeni Ozi mkawaulize wenye mashamba, chumvi imefika wapi. Mfuko wa juu una wadhamini, na wa chini hatuna hata kopo la kutilia sumni. Nasema wazi: aliye juu ya mto amelindwa kwa sababu aliye karibu naye ana fedha na ana kiu. Sisi wa mwisho wa mto tusipodai, hakuna atakayetukumbuka ila siku ya mafuriko.

Fedha itoke wapi? Iko mahali pa kutazama. Kwanza, umeme na maji ya mto: senti ndogo katika kila bili ya mjini ingekuwa fedha nyingi huku. Pili, bahari yenyewe. Mwaka 2006 serikali ilisimamisha meli za kukokota nyavu katika Ghuba ya Ungwana, baada ya ugomvi mrefu na wavuvi wadogo ambao nyavu zao zilikuwa zikikatwa. Baadaye zikaja kuruhusiwa kwa masharti. Meli inayochota kamba waliokulia katika mikoko yetu na ilipe mikoko. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2016 imekwisha kutaja mfuko wa amana wa ushuru wa samaki. Basi tuulize mbele ya wakubwa, sehemu ya pwani ya Tana ni ipi? Tatu, mikoko. Huko Gazi, kaunti ya Kwale, wanakijiji tangu 2013 wanatunza kama hekta 117 za mikoko na kuuza haki ya hewa chafu inayofyonzwa na miti ile. Mradi wao waitwa Mikoko Pamoja, na fedha yake imeleta maji ya bomba na vitabu vya shule. Si fedha nyingi, lakini wanakaa kikao wakaamua wenyewe itumike wapi.

Neno hilo la mwisho ndilo zito kuliko yote: wanaamua wenyewe. Maana mfuko waweza kufa kwa njia mbili, kwa kukosa fedha na kwa kukosa macho. Mimi nilipata kuwa katika kikundi kimoja cha kuzikana. Tulichanga kila mwezi miaka minne. Mwenyekiti na mweka hazina walikuwa marafiki, sahihi ni zao wawili, na sisi wengine tuliona haya kuuliza hesabu, tukasema ni watu wazima. Siku mwenzetu mmoja alipofariki, tulikwenda benki tukakuta shilingi mia tatu na kidogo. Mke wake alikaa siku tisa akingoja mwili utoke chumba cha maiti, nasi tukazunguka na daftari tukichanga upya. Aibu ile ninayo mpaka leo. Sikuiba mimi, lakini sikuuliza.

Kwa hiyo, mfuko wa Delta ukiundwa, naomba tusimame juu ya mambo manne wala tusirudi nyuma.

Kwanza, mnazi usikatwe. Sheria ya mfuko iseme kwamba fedha ya msingi haiguswi, hata na mkubwa gani, hata mwaka wa uchaguzi.

Pili, viti. Mvuvi wa Kipini, mkulima Mpokomo, mchungaji Mworma, mama anayekausha na kuuza samaki hapa Garsen, wote wakae mezani pamoja na serikali. Hatukusahau mwaka 2012 na mwanzo wa 2013, damu iliyomwagika katika Delta hii, watu zaidi ya mia moja, kwa ugomvi uliochochewa na haja ya maji na malisho. Mfuko utakaoonekana ni wa upande mmoja utakuwa kuni, hautakuwa maji.

Tatu, hesabu isomwe mbele ya watu kila mwaka, kwa Kiswahili, hadharani, na mtu wa nje aikague. Asiyetaka kuulizwa asikubali kuchaguliwa.

Nne, mshahara. Anayelinda mikoko, anayehesabu kasa, anayezuia nyavu haramu, alipwe kwa mkataba, apewe likizo na bima ya ajali. Na mvuvi anayeambiwa apumzishe bahari apate fidia kabla wavu haujatundikwa ukutani. Hapo nitaweza kurudi kwa yule mzee wa Kipini na kumpa jibu lake.

Ndugu zangu, chama chetu si chama cha reli peke yake. Fundi wa Mombasa anakula samaki wa huku, anawasha taa ya mto huu, na wengi wetu tutarudi kuzeeka katika vijiji hivi. Naomba tawi lipeleke azimio kwa wawakilishi wetu wa Tana River na Lamu, likisema maneno mawili: mfuko uwepo, na tuwemo. Na kabla ya kuwadai wakubwa, tuanze sisi. Kila kikundi cha wavuvi, cha kina mama, cha kuzikana, kisome hesabu yake mwezi huu. Tukizoea kuuliza juu ya shilingi mia, hatutaona haya kuuliza juu ya milioni.

Haba na haba hujaza kibaba. Lakini, wazee wangu, kibaba kikivuja hakijai, hata ukitia bahari nzima. Tuzibe kwanza, ndipo tutie.